Kurasa za Nyuma za Daftari la Nyanya

Nyanya alifariki mwaka 2017 nyumbani kwake Busia, upande wetu wa Uganda. Vitu vyake tuligawana mchana mmoja na vikaisha kabla ya chai. Shangazi alichukua sufuria na vitenge, wajomba wakabishana juu ya baiskeli, na mimi, kwa kuwa nafundisha Kiswahili, nikaachiwa makaratasi. "Wewe ndiye utakayeyasoma," shangazi alisema, kwa sauti ya mtu anayekutwisha mzigo huku akikupongeza.

Ndani ya kopo la Blue Band mlikuwa na rozari iliyokatika, kadi za zaka za miaka kumi na kitu, na daftari lililofungwa kwa kamba ya katani. Lilikuwa daftari la vikao vya Lejio ya Maria, chama cha walei Wakatoliki cha kusali na kutembelea nyumba za watu. Nyanya alikuwa katibu wa kikundi chao miaka mingi, na aliandika kwa Kiswahili kwa sababu kigango kile kilikuwa na Wasamia, Wateso, Wajaluo, Waganda, na Wakenya waliovuka na biashara zao. Kiswahili kilikubalika na wote kwa kuwa hakikuwa cha kabila la yeyote. (Shuleni sisi tulikuwa tunaambiwa hiyo ni lugha ya askari na wezi. Nyanya alikuwa anasali nayo.)

Ukilifungua mbele, mambo ni rasmi. "Nyumba ya tatu. Binti, miezi minne, hataki mimba. Tumesali naye. Tutarudi Jumatano." Hakuna jina, kwa sababu wanalejio hufundishwa kutunza siri za nyumba wanazotembelea. Ukurasa baada ya ukurasa ni hivyo: nyumba, hali, sala, tarehe ya kurudi.

Ukiligeuza kichwa chini na kulifungua kwa nyuma, unakuta mwandiko uleule lakini wa haraka, wa kalamu ya risasi: "Sabuni miche 2. Wembe 1. Pamba. Mumbwa 2. Unga wa muhogo kilo 2, kutoka kwa Hajati. Kitenge (changu)." Mumbwa, kwa asiyejua, ni ule udongo uliochanganywa na dawa za miti na kukaushwa kama kijiti, ambao wajawazito wengi hapa Uganda husugua majini na kunywa. Wembe ni wa kukatia kitovu.

Ilinichukua muda kuelewa kwa nini vitu hivi viliandikwa nyuma, kama deni la pombe. Jibu nililipata kwa mama mmoja mzee aliyekuwa kikundi kimoja na nyanya. Sheria ya Lejio inakataza kabisa wanachama kutoa msaada wa vitu katika kazi zao. Unatembelea, unasikiliza, unasali, unaondoka. Hata kipande cha sabuni hakiruhusiwi, maana mlango ukishafunguliwa kwa sababu ya sabuni, hutajua tena kama ulifunguliwa kwa sababu ya neno. Hoja yenyewe si ya kijinga. Ila nyanya alikuwa na hoja yake, na aliisema kila alipovaa shali yake pana kuliko baridi iliyokuwepo: mkono mtupu haulambwi.

Naandika haya kwa sababu mwaka jana niliombwa kuzungumza na vijana wa parokia juu ya historia ya watu wa kawaida waliopinga utoaji mimba kuhalalishwa. Walitarajia nianze na maaskofu na mahakama. Nilianza na daftari, nikaona mwenyekiti wa vijana akiangalia saa.

Lakini nianzie wapi kwingine? Kule kutembea nyumba kwa nyumba, wawili wawili, kuliletwa Afrika Mashariki mwaka 1936 na msichana wa Kiayalandi, Edel Quinn, aliyetumwa na Lejio akiwa na kifua kikuu tayari. Alizunguka Kenya, Uganda na kwingineko kwa gari bovu miaka karibu minane, akianzisha vikundi, hadi akafia Nairobi mwezi Mei 1944. Hakuja kwa ajili ya mimba. Ila aliacha nyuma yake kitu ambacho kila harakati hukililia: watu wa kawaida wenye zamu, wenye daftari, wanaojua nyumba ya tatu ni ipi. Mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki walipotilia mkazo jumuiya ndogondogo za Kikristo, mtandao ule ukazidi kukaza. Suala la mimba lilipokuja kuwa vita vya kisheria, njia za miguu zilikuwa zimekwisha kuchimbwa.

Kwa wenzetu wa nchi za magharibi mambo yalienda kinyume: sheria ndiyo iliyoanza kutikisika, watu wakafuata. Uingereza ilipitisha sheria yake Oktoba 1967, na chama cha kutetea watoto ambao hawajazaliwa, SPUC, kilikuwa kimezinduliwa Januari ya mwaka huohuo kujaribu kuizuia. Miongoni mwa waanzilishi wake alikuwemo Aleck Bourne, na hapa naomba msomaji asimame kidogo. Mwaka 1938 Bourne, daktari wa London, alimtoa mimba binti wa miaka 14 aliyebakwa na askari, kisha akajitia mwenyewe mikononi mwa polisi ili sheria ijaribiwe mahakamani. Akaachiwa huru. Kesi ile ikawa msingi wa kuwaruhusu madaktari kuokoa maisha ya mama, pamoja na afya yake ya mwili na akili, na ikasomwa hadi katika mahakama za makoloni. Mtu huyohuyo, miaka thelathini hivi baadaye, anasimama upande wa wapinzani wa sheria mpya. Wengine humwita kigeugeu. Mimi namwona kama mtu aliyejua tofauti kati ya mlango ulioufungua usiku kwa ajili ya mtoto mmoja na ukuta uliobomolewa mchana. Unaweza kukataa maoni yake yote mawili, lakini hukutani kila siku na mtu aliyewahi kulipa gharama ya yote mawili.

Kanada, mwaka 1968, mama wa watoto saba aitwaye Louise Summerhill alifungua ofisi ndogo Toronto yenye simu. Aliiita Birthright. Mwanamke akipiga, anapata mtu wa kumsikiliza, nguo za mtoto, mahali pa kulala. Kilichonishangaza nilipoisoma historia yake ni kwamba alikataza shirika lake kujiingiza katika siasa au kushawishi wabunge. Nilicheka peke yangu. Huyu ni nyanya, lakini kinyume chake: yeye aliweka sabuni ukurasa wa mbele.

Si wote waliokuwa na mikono safi namna hiyo. Robert Pearson alikuwa amefungua kituo chake Honolulu mwaka 1967, na miaka ya themanini akaandika mwongozo uliowafundisha wenzake kuvipa vituo vyao majina yasiyoonyesha msimamo, ili mwanamke anayetafuta kutoa mimba aingie akidhani amefika kliniki. Kwa kipimo cha nyanya huo ni uongo, na uongo uliungamwa kama dhambi nyingine.

Marekani ndiyo inayojulikana zaidi, kwa hiyo nitapita haraka. Uamuzi wa Mahakama ya Juu uliohalalisha utoaji mimba nchi nzima, tarehe 22 Januari 1973. Maandamano ya kwanza ya Washington mwaka mmoja baadaye, yaliyoandaliwa na mwanasheria Nellie Gray. Na Mildred Jefferson, mwanamke mweusi wa kwanza kuhitimu shule ya udaktari ya Harvard, mwaka 1951, ambaye alikuja kuongoza kamati ya kitaifa ya watetezi wa uhai katikati ya miaka ya sabini. Vijana wetu wa parokia hawakuwa wamewahi kulisikia jina lake. Kisha giza: daktari David Gunn, aliyekuwa akitoa mimba, akapigwa risasi Florida mwaka 1993, na daktari mwenzake wa kazi hiyo, George Tiller, akauawa ndani ya kanisa lake Jumapili ya Mei 2009, yote kwa jina la uhai. Mtu akiniambia harakati hii haina damu mikononi, namtajia hayo mawili na kunyamaza.

Sasa turudi nyumbani, ambako hadithi ina umbo lake la pekee. Sisi Uganda hatukuwahi kuhalalishiwa kitu. Sheria ya Adhabu ilianza kutumika mwaka 1950 chini ya Waingereza, ikiwa imebeba roho ya sheria yao wenyewe ya 1861: miaka kumi na minne kwa anayemtoa mwanamke mimba, saba kwa mwanamke mwenyewe, mitatu kwa anayetoa dawa au vifaa. Kuna kifungu kinachomlinda daktari anayefanya upasuaji kwa nia njema ili kuokoa maisha ya mama. Katiba ya 1995, ibara ya 22, ikaongeza kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kukatisha uhai wa mtoto ambaye hajazaliwa isipokuwa kama sheria itakavyoruhusu. Kwa hiyo watetezi wa uhai wa hapa walikuwa wanalinda boma ambalo halijavamiwa. Walikesha wakisubiri adui atokee mbali.

Alitokea Maputo. Itifaki ya haki za wanawake wa Afrika ilipitishwa huko mwaka 2003, na ibara yake ya 14 inataka nchi ziruhusu mimba kutolewa pale mwanamke alipobakwa, alipopata mimba ya maharimu, au afya yake ya mwili na akili inapokuwa hatarini. Januari 2006 maaskofu Wakatoliki wa Uganda waliandika barua ya wazi kuipinga. Kwetu padre aliielezea baada ya komunyo, kwa Kisamia kisha kwa Kiswahili. Nilikuwa nimekaa na nyanya. Baada ya misa alimfuata padre hadi kwenye mlango wa sakristia, mimi nikiwa nimembebea mfuko.

"Padre, hiyo Maputo ni wapi?"

"Msumbiji, mama."

"Na hapa kwetu, sheria inaruhusu?"

"Hairuhusu."

"Tangu lini?"

"Tangu enzi za Waingereza."

"Basi yule binti wa nyuma ya soko la mitumba, tuliyemzika mwezi wa nane, alikufa kwa sheria ipi?"

Padre alikuwa mtu mwema. Hakujibu, lakini jioni alikuja nyumbani akanywa chai na kukaa muda mrefu kuliko kawaida yake. Nyanya alitia sahihi kupinga itifaki ile. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu nikisimulia kisa hiki watu wa upande mmoja hudhani nyanya alikuwa wa kwao. Alitia sahihi kwa mkono uleule uliokuwa umeandika wembe na pamba.

Juhudi zile zilifaulu. Uganda iliridhia itifaki Julai 2010 huku ikiweka pingamizi juu ya kipengele hicho cha mimba. Wiki chache baadaye, tarehe 4 Agosti, wenzetu ng'ambo ya mpaka walipiga kura ya katiba yao. Makanisa ya Kenya yalikuwa yamesimama upande wa hapana, rangi nyekundu, kwa ajili ya ibara ya 26 kuhusu mimba na kwa ajili ya mahakama za kadhi. Upande wa ndiyo ulikuwa kijani. Sisi wa Busia tulisikia vipaza sauti vya pande zote mbili tukiwa jikoni kwetu. Kijani kilishinda kwa asilimia 67. Hajati, jirani yetu Mnubi, ambaye anaamini kama nyanya kwamba mimba si kitu cha kuchezea, aliudhika kwelikweli kwamba rafiki zake Wakristo walikuwa wameufunga uhai wa watoto na kadhi kwenye furushi moja. "Kwa hiyo mimi na hao wanaotoa mimba tuko kapu moja?" aliuliza. Walikaa wiki mbili bila kupelekeana mboga. Halafu kukatokea binti, na unga wa muhogo ukahitajika.

Takwimu za Uganda kwa mwaka 2013 zilikadiria mimba zaidi ya 314,000 zilizotolewa katika mwaka huo mmoja, na wanawake zaidi ya 93,000 waliotibiwa hospitalini kwa madhara yake. Haya yalitokea chini ya sheria iliyokuwa na miaka 63. Wizara ya Afya ilitoa mwongozo mwaka 2015 wa kupunguza vifo hivyo, ukiwaeleza wahudumu ni lini sheria inawaruhusu kutenda. Viongozi wa dini wakapinga, na mapema 2016 ukasimamishwa. Niliunga mkono usimamishwe. Nilikuwa na sababu, na bado ninayo: naamini kile kilichomo tumboni ni mtu. Lakini sikuwa nimeuliza swali la pili, yaani muuguzi wa zamu ya usiku afanye nini sasa, na sikumbuki yeyote katika kamati yetu akiliuliza.

Nikilisoma daftari naona nyanya aliishi ndani ya hilo swali la pili. Kabla ya kituo cha pamoja cha mpaka kuzinduliwa mwaka 2018, malori yalilala foleni Busia siku nzima, siku mbili, na zaidi. Vibanda vya chakula vilijaa mabinti waliokuja kutafuta kazi ya kuosha vyombo. Kurasa za nyuma zina "binti wa mama lishe" mara nne, kila mara binti mwingine. Mwanamume hayumo popote, hata kwa herufi moja. Kuna ukurasa mmoja ambao nyanya ameandika "dereva" akakata, akaandika tena "dereva", akakata kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka. Mwisho wa kila mstari kuna alama: msalaba mdogo ukimaanisha mtoto alizaliwa, mduara ukimaanisha hakuzaliwa. Niliihesabu. Misalaba 23, miduara 9. Mbele ya miduara mitatu sabuni iliendelea kutolewa miezi kadhaa baadaye. Nilimuuliza yule mama mzee kwa nini. Alinitazama kama mtu asiyejua kuoga. "Kwani aliyetoa hafui?"

Kisha ukaja ugonjwa wa korona. Shule zetu zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022, kufungwa kwa muda mrefu kuliko popote duniani. Oktoba 2020, katikati ya hayo, Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi sita zilizoongoza Azimio la Geneva, linalotamka kwamba hakuna haki ya kimataifa ya kutoa mimba. Tulishangilia kwenye kundi letu la WhatsApp, tukatumiana bendera. Wanafunzi wangu wa kidato cha pili walikuwa wanauza ndizi barabarani.

Mmoja wao alikuja kwangu Desemba 2021 akiwa na mimba ya miezi mitatu. Aliniambia alishapelekwa na rafiki yake kwa mtu mwenye vidonge upande wa Kenya, akarudi njiani, hata yeye hajui kwa nini. Nilifanya nilichofundishwa. Nilikaa naye, nikasali naye, nikamwambia mtoto huyu ana haki ya kuishi na kwamba hatakuwa peke yake. Neno hilo la mwisho nililitamka kwa urahisi.

Serikali ilikuwa imesema wasichana wenye mimba na wanaonyonyesha waruhusiwe kurudi darasani. Baadhi ya wakuu wa elimu wa makanisa walitangaza kwamba katika shule zao haitawezekana, kwa kuwa ingekuwa mfano mbaya. Shule aliyokuwa anasoma binti huyu, ambayo sitaitaja, ina sanamu ya Bikira Maria getini, mikono imefunguliwa. Nilimsindikiza siku ya kufungua. Askari wa geti alimtazama tumbo, akaita mwalimu wa nidhamu, mwalimu akasema arudi akiwa "sawa". Nikamwambia mwalimu, mwenzangu kwa kazi na kwa imani, kwamba angekuwa amemeza vile vidonge leo angekuwa darasani na hakuna ambaye angejua. Alisema, "Madam, mimi sikutunga sheria." Sanamu iko pale pale hadi leo.

Alijifungua Juni 2022, mtoto wa kiume. Siku chache baadaye Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta uamuzi wa 1973, na kundi la WhatsApp likawaka moto kwa furaha; miaka 49 ya kuandamana kwenye baridi ilikuwa imelipa. Sikukejeli. Ila siku chache tu kabla nilikuwa wodini nikitafuta karatasi ya plastiki ya kulazia, glavu na pamba, kwa sababu pakiti za kujifungulia za serikali zilikuwa zimeisha, na muuguzi alikuwa ameandika orodha kwenye kiganja changu kwa kalamu. Sabuni, wembe, nyuzi za kitovu. Orodha ya nyanya, neno kwa neno, bila mumbwa.

Mwezi Mei 2023, kabla ya muhula wa pili, shule ya serikali ya mbali kidogo ilikubali kumpokea. Karo na sare zilikuwa laki moja na themanini elfu. Nilipeleka suala kwenye jumuiya yetu. Tulikuwa na akiba, na kwa miaka kumi na saba nilikuwa nimesikia pale ndani hotuba nzuri sana juu ya uhai.

Mweka hazina, mzee wa heshima, alieleza kwa upole kwamba pesa zilizopo ni za basi la Namugongo, kwenda kuwakumbuka Mashahidi tarehe 3 Juni, na kwamba wanachama walikwisha kuchangia kwa nia hiyo. Mama mmoja akasema tukimlipia huyu, kesho watakuja kumi. Mwingine akauliza baba wa mtoto yuko wapi, swali zuri ambalo liliulizwa kwa mtu asiyehusika. Kijana mmoja wa Lejio akatukumbusha sheria ya kutotoa vitu. Tukapiga kura kwa kunyoosha mikono. Basi lilipata mikono kumi na mmoja. Binti alipata saba.

Hajati, ambaye ana miaka themanini sasa na hasikii vizuri, aliletewa habari hiyo na mjukuu wake. Aliuza beberu.

Basi liliondoka saa kumi alfajiri, likiwa limejaa hadi kwenye njia ya katikati, watu wakiimba. Mimi pia nilipanda. Nauli nilikuwa nimekwisha kulipa.